Tapu ilikuwa ikiingia upande: nilivyoitibu kwa chamfa

Hapa Katwe, Kampala, tunachonga vipuri vya mashine za kusaga mahindi. Bamba moja lilinisumbua: kwenye mashimo ya bolti za M10 (kipenyo cha milimita 10), yaliyotobolewa kwa milimita 8.5, tapu, kifaa cha kukatia uzi wa bolti ndani ya shimo, iliingia upande, na uzi wa kwanza ukavimba juu hata mfuniko usikae sawa.

Dawa ilikuwa kisu cha chamfa cha digrii 90, kile kinachokata ukingo kuwa mshazari. Kabla ya tapu, nilipanua mdomo wa kila shimo hadi milimita 10.5 hivi, mwendo wa polepole, mafuta ya kutosha. Ukikimbiza, kisu hutetemeka na kuacha mdomo wenye mawimbi. Tapu ikajiweka katikati yenyewe.

Kisu hichohicho nikakifunga kwenye mashine ya milingi, ile inayochonga chuma kwa kisu kinachozunguka, nikaondoa makali ya kingo, maana zilikuwa zikiwachana wenzangu vidole. Tupa ingefanya, lakini hailinganishi hivyo. Bolti sasa zinaanza kwa mkono mtupu.