Milimita 118 za Babu

Juma lililopita mwanangu wa mwisho, yule mbishi, alishikwa na homa na maumivu ya koo, nikampeleka kupimwa hapa mjini. Malaria haikuonekana, lakini katika karatasi ya majibu kulikuwa na mstari ulioandikwa CRP 64, na pembeni yake maelezo kwamba kiwango cha kawaida ni chini ya 5. Tukiwa ndani ya bajaji aliisoma karatasi yote tangu juu hadi kwenye muhuri, kisha akaniuliza, "Mama, CRP ni mdudu gani?" Nikamweleza kwamba si mdudu, bali ni protini ambayo ini huimwaga kwa wingi katika damu mwili unapopatwa na mchochota, uwe umeletwa na vijidudu, na jeraha, au na kinga ya mwili iliyoanza kumshambulia mwenyewe. "Kwa hiyo inajua kwamba ninaumwa koo?" Nikamwambia haijui, inachojua ni kwamba kuna jambo. Alinitazama kama abiria aliyelipa nauli ya Dar es Salaam akateremshwa Gairo.

Babu aliwahi kuuliza swali hilo hilo, kwa maneno makali zaidi, mwaka 1996, mbele ya mrija wa kioo.

Kuhusu maumivu ya mgongo wa Babu nimeshaandika vya kutosha, pamoja na yale mafuta ya nyonyo ambayo Baba Mkubwa alikuwa akimchua nayo kila jioni, kwa hiyo sitarudia. Itoshe kusema kwamba kufikia kiangazi cha mwaka ule maumivu yalikuwa yamehama kutoka kuwa jambo la kulalamikia hadi kuwa jambo la kunyamazia, kwamba usiku shuka lake lilikuwa likiloa jasho katika baridi ile ya mwezi wa saba ambayo kila mtu wa Ugogo anaijua, na kwamba mkanda wake ulikuwa umeongezwa matundu kwa msumari. Zahanati ilisema ni uzee. Picha ya kwanza ya eksirei, iliyopigwa kwa mbele na kuishia, kwa upande wa juu, kiunoni, nayo ilisomwa kuwa ni uzee. Kifua kilikuwa safi, makohozi hayakuonyesha kitu, na kwa kuwa Babu alikuwa mfugaji aliyekunywa maziwa bila kuyachemsha maisha yake yote, alipimwa pia bruselosi, ambayo nayo haikuonekana. Ndipo tabibu mmoja kijana, aliyekuwa na tabia ya kuandika huku akinong'ona, akaongeza herufi tatu chini ya karatasi, ESR, yaani kipimo cha kasi ya chembe nyekundu za damu kuzama, akatuelekeza maabara.

Mimi nilikuwa likizo, nimechaguliwa kumsindikiza kwa sababu nilikuwa na mdomo, na mdomo huo ndio ulioniwezesha kuingia mahali ambapo wasindikizaji hawakuruhusiwa. Babu alimsalimu yule mama wa maabara, "Mbukwenyi," na yule mama, ambaye kumbe kwao ni Mvumi, akafurahi mno hata akatuvutia benchi karibu na meza yake. Alitoa damu mkononi, akaichanganya na maji ya sitreti ili isigande, sehemu nne za damu kwa moja ya sitreti, kisha akaivuta kwa mpira hadi ikafika alama ya sifuri juu kabisa ya mrija mwembamba wenye mistari iliyohesabiwa kutoka 0 hadi 200. Mrija akausimamisha wima katika kishikizo cha chuma, kando ya mwingine wa kijana mmoja aliyetangulia, akategesha saa ya mezani. Saa moja kamili. Hapo hakuna mashine, hakuna dawa ya kugeuza rangi, hakuna cha kukoroga. Kipimo chote ni kungoja uzito wa damu ufanye kazi yake, na kuona chembe nyekundu zimezama umbali gani.

Aliniambia nisiguse meza. Mrija ukiinama hata kidogo tu, alisema, chembe huteleza upande mmoja na kushuka haraka kuliko haki yake, na mtikisiko nao huharibu, na joto pia. Ndiyo maana alimfokea mhudumu aliyekuja kuegemea pale akitafuta soga, na ndiyo maana dirisha la upande wa jua lilikuwa limezibwa kwa kanga kuukuu. Nikakaa nimekunja mikono kama mtu aliye kanisani. Kwa dakika za mwanzo damu ya Babu haikufanya lolote, nikaanza kuamini kwamba kweli ni uzee. Kisha juu, chini tu ya sifuri, ukatokea utepe mwembamba wa majimaji ya manjano yaliyo angavu, na tangu hapo ule wekundu ukaanza kuondoka kwa kasi ambayo jicho liliweza kuifuata, mstari baada ya mstari, huku mrija wa jirani ukiwa bado umejaa karibu wote. Babu aliona tofauti hiyo kabla yangu. Akauliza kwa nini damu ya yule kijana haianguki na yake inaanguka.

Yule mama alimjibu vizuri, na jibu lake ndilo ninalolitumia hadi leo. Chembe nyekundu katika damu ya mtu mzima wa afya husukumana, kila moja ikikwepa nyingine, kwa hiyo huzama polepole. Mwili ukiwa na mchochota, ini hutoa protini nyingi zaidi, hasa fibrinojeni, na protini hizo hupunguza ule msukumano; chembe hushikana tumbo kwa mgongo, zikafanya mafungu, na fungu ni zito kuliko chembe moja, basi hushuka upesi. Zile dakika za mwanzo ambazo nilidhani hakuna kinachotokea ndizo ambazo mafungu yalikuwa yanaundwa. Mwishoni mwa saa mwendo ulipungua tena, kwa sababu chini kulikuwa kumeanza kusongamana.

Kengele ilipolia aliinama akasoma, akapangusa miwani, akasoma tena. Kijana, 6. Babu, 118.

"Inasema nini?" Babu aliuliza.

"Inasema unaumwa, mzee wangu."

"Hilo nililijua kabla sijapanda basi."

Sijawahi kusikia upungufu wa kipimo hicho ukielezwa kwa ufupi kuliko hapo, ingawa nimesoma mengi tangu siku ile, kwa kuwa mambo haya yalinikaa. Edmund Biernacki, mganga wa Poland, aliandika juu ya kuzama kwa damu mwaka 1897. Robin Fåhraeus wa Sweden alilirudia jambo hilo mwaka 1918 akiwa anachunguza damu ya wajawazito, ambao kwao chembe huzama haraka bila ugonjwa wowote, na mwenzake Alf Westergren mwaka 1921 akaweka utaratibu wa mrija ule niliouona, akiwachunguza wagonjwa wa kifua kikuu. Hiyo CRP ya mwanangu ilikuja baadaye kidogo, mwaka 1930, pale William Tillett na Thomas Francis, mjini New York, walipoona kwamba damu ya wagonjwa wa nimonia ina kitu kinachoshikamana na kipande cha ukuta wa bakteria wa nimonia. Ni ya haraka zaidi: huanza kupanda ndani ya saa chache, na chanzo kikiondoka hupungua kwa nusu katika muda wa saa 19 hivi. ESR ni mzee wa kijiji, huchelewa kufika na huchelewa kuondoka. Lakini zote mbili zina ukimya ule ule. Zinapiga mbiu, mahali hazitaji.

Tulirudi kwa tabibu, naye hapo ndipo alipofanya jambo ambalo nimelifikiria mara nyingi kuliko namba yenyewe. Alitaka kwanza kujua 118 ni nyingi kiasi gani kwa mtu huyu, kwa maana ESR hupanda na umri. Kanuni yake ya mfukoni ilikuwa kwamba kikomo kwa mwanamume ni umri wake ukigawanywa kwa mbili, na kwa mwanamke unaongeza 10 kwanza ndipo unagawanya. "Mzee, una miaka mingapi?" Babu akasema alizaliwa katika Mtunya. Yule kijana, ambaye hakuwa wa huku, akanigeukia mimi. Nikamweleza kwamba Mtunya ni ile njaa kubwa ya Ugogo ya mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza, baada ya majeshi ya Wajerumani na Waingereza kuchukua nafaka, ng'ombe na wanaume wa kubeba mizigo, na mvua nazo zikakataa. Watu walikwisha kati ya 1918 na 1920. Akaandika 1919 pembeni ya karatasi, akatoa, akagawanya, akapata 38 na nusu. Akanong'ona kwamba mzee ana upungufu wa damu na hilo nalo huharakisha kuzama, lakini halimfikishi mtu huko. ESR inayovuka 100 kwa kawaida ina sababu nzito, ama maambukizi ya muda mrefu, ama saratani ya aina fulani, ama maradhi ya kinga, na mtu hatakiwi kurudi nyumbani kabla sababu haijatafutwa.

Akamwambia Babu asimame, akaanza kugonga mgongo wake kwa kidole, pingili moja baada ya nyingine, kuanzia shingoni. Juu kidogo ya mahali ambapo picha ya kwanza ilikuwa imeishia, Babu alishika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili.

Yaliyobaki yalikwenda haraka. Picha ya pili ilipigwa kwa ubavu na juu zaidi, na mle pingili mbili zilikuwa zimeliwa nyuso zao zinazotazamana, nafasi ya kati imekwisha: kifua kikuu cha uti wa mgongo, bila kikohozi hata kimoja. Dawa zilikuwa za bure, kupitia Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma ulioanzishwa mwaka 1977, ule ambao mbinu zake, zilizojengwa hapa nchini pamoja na daktari Karel Styblo, Shirika la Afya Duniani lilikuja kuzieneza kwingi ulimwenguni katika miaka ile ile ya tisini. Sindano za streptomaisini Babu alizivumilia. Kilichomshtua ni rifampisini, iliyougeuza mkojo wake kuwa rangi ya machungwa. Aliniita nyuma ya nyumba, mimi mjukuu ambaye siku zote aliniita mke wake, akaniuliza kwa sauti ya chini kama hiyo nayo ina namba.

Ninapojaribu kumwambia mtu kisa hiki, wengi hutaka niseme kwamba ESR ilimwokoa Babu. Sina hakika. Karatasi ile ile, ikifika mikononi mwa mtu aliyechoka, ingeweza kuambatanishwa na ile picha ya kwanza na kuandikiwa dawa za maumivu. Kwa upande mwingine, bila ile 118 sioni ni kitu gani kingemfanya yule kijana aanze kugonga mgongo ambao wenzake wawili walikwisha kuusoma. Namba ilimnyima ruhusa ya kuridhika. Pengine kazi yake ndiyo hiyo tu, wala si ndogo.

Naliwaza hili zaidi siku hizi ambapo wenzangu kazini, watu wazima wasio na homa wala maumivu, wanalipia vipimo vya jumla na kurudi na CRP ile nyetifu inayosoma viwango vidogo sana: chini ya 1 wanafurahi, kati ya 1 na 3 wanakunja uso, juu ya 3 wanakuja mezani kwangu kuuliza habari za moyo. Uhusiano upo, sitaki kuukejeli. Unene wa tumbo, sigara, fizi mbovu na kisukari vyote huiinua, na wenye viwango vya juu hupata zaidi maradhi ya moyo. Mwaka 2017 yalitolewa matokeo ya utafiti uliowapa dawa ya kuzima mchochota watu zaidi ya 10,000 waliowahi kupata shambulio la moyo na ambao CRP yao ilikuwa 2 au zaidi. Mashambulio yalipungua kwa kiasi, jambo lililothibitisha kwamba mchochota unahusika, lakini vifo vya maambukizi viliongezeka, na jumla ya vifo haikushuka. Nikisoma habari hiyo humkumbuka Babu na kifua kikuu chake, na najikuta nashindwa kuamua kama namba iliyo juu ni adui au ni mlinzi aliye kazini. Mimi huwaambia wenzangu wapime upya baada ya majuma mawili, wakiwa hawana mafua, kisha waangalie kiuno na shinikizo la damu, vitu vinavyosema hata mahali.

Matibabu ya Babu yalipokwisha, mwanzoni mwa 1997, tulirudi kwa yule mama wa maabara, na mrija wake safari hii ulisoma 43. Babu alikuwa ameongezeka mwili, analala usiku kucha, anatembea akiwa amepinda kidogo. Tabibu aligawanya tena akapata 39, akasita, akaanza kunong'ona kwamba imezidi kidogo, kwamba pengine si neno, kwamba pengine arudi tena.

"Imezidi ngapi?" Babu akauliza.

"Nne, mzee."

"Basi andika nilizaliwa kabla ya Mtunya. Waliokuwa wananihesabia miaka hawakujua kuandika."

Tabibu alinitazama mimi, kisha Babu, kisha akafuta 1919 na kuandika 1911.