Usiku wa Reel du pendu

Majira ya baridi moja, mfanyakazi mwenzangu wa Montréal alinialika kwao Lanaudière, kaskazini mwa jiji, ambako muziki wa jadi wa Québec, jimbo la Kanada linalozungumza Kifaransa, bado unapigwa majumbani. Jikoni palijaa watu, viti vimesukumwa ukutani. Katikati aliketi mjomba wa mwenyeji wangu, fidla begani, viatu vyake vyote viwili vikigonga sakafu ya mbao. Kule mpigaji hujipigia ngoma kwa miguu akiwa ameketi.

Nimekulia Unguja, na fidla kwangu ni ya taarabu: inavuta, inabembeleza, inampisha mwimbaji. Hii ya Mjomba (sote tulimwita hivyo) haikumpisha mtu. Reel moja, yaani wimbo wa kasi wa kuchezea, ikiisha anadaka nyingine, na wachezaji jasho linawatiririka ingawa nje theluji imeziba nusu ya madirisha.

Kisha akanyamaza, akaanza kuhangaika na nyuzi. Kwa kawaida hukaa sol, re, la, mi, kwa majina ya noti kutoka uzi mnene hadi mwembamba. Ule mnene wa sol akaukaza mpaka la. Wa re akaukaza mpaka mi. Wa tatu hakuugusa, na ule mwembamba kabisa akaulegeza hadi do dièse, yaani do iliyopandishwa nusu hatua. Alipopitisha upinde bila kuweka kidole hata kimoja, fidla nzima ikaitikia. Watu wakashangilia, walishajua kinachokuja ni Reel du pendu, reel ya mtu wa kunyongwa.

Kwanza akatusimulia. Mtu kahukumiwa kifo, yuko chini ya kitanzi, anapewa fidla na kuambiwa: ukitoa wimbo humu, nenda zako. Wengine husimulia kwamba hakuwahi kushika fidla maishani mwake. Mjomba alikataa katakata. Kwake yeye, mtu yule alikuwa fundi, na fidla ndiyo iliyovurugwa nyuzi makusudi ili ashindwe. Akapapasa uzi mmoja mmoja, akaokota sauti alizozikuta, akaziunga mpaka reel ikatoka. Wakamwachia.

Mimi nashika ya Mjomba, kwa sababu inaeleza nilichokiona mikononi mwake: nyuzi zile za ajabu zimehifadhiwa ndani ya hadithi, na hadithi imehifadhiwa ndani ya nyuzi. Sehemu ya kwanza aliipiga kwa kupapasa, kama anayetafuta njia gizani. Kisha upinde ukakolea, uzi uliolegezwa ukawa unalia juu ya nyingine, na hakuna aliyecheza. Wote walisimama wakisikiliza.

Nilimuuliza nani aliitunga. Hakuwa na jina la kunipa. Reel kama aina ya muziki ilifika Québec na Waskoti na Waayalandi, na wapigaji wa huko wakaifanya yao, mkono hadi mkono. Jina alilonitajia ni la mpiga fidla Jean Carignan, aliyeishi 1916 hadi 1988, mwanafunzi wa mpiga fidla mwingine wa Québec, Joseph Allard. Carignan aliipiga reel hii kwa ufundi ambao Mjomba aliuzungumzia machozi yakimlengalenga. Mtu huyo aliendesha teksi Montréal kwa miaka mingi, na mwaka 1974 akatunukiwa nishani ya taifa, Order of Canada. Bado najiuliza ni abiria wangapi walishuka kwenye gari lile bila kujua wamebebwa na nani.

Kuzirudisha nyuzi kulichukua muda, maana zikishasumbuliwa hazitulii upesi. Mjomba alipokuwa anazibembeleza, mwenyeji wangu akanishika mkono akanivuta kwenye mduara.