Giaboksi ya Kobe Ndani ya Kombi ya Ami

Ami yangu alikuwa na Kombi ya 1967, basi dogo la Volkswagen, ile yenye kioo cha mbele kilichogawika mapande mawili. Pale Wete watu waliijua kwa mlio kabla hawajaiona. Injini yake ya 1500 ilipozwa kwa upepo tu, haina rejeta wala tone la maji, na kwa vilima vya Pemba hiyo ilikuwa neema: gari nyingine zilisimama njiani zikitoa mvuke, madereva wakihangaika na madumu, yeye akawapita akiwapungia mkono. Alikuwa na kiburi kidogo na gari yake, Mungu amrehemu.

Kilichokufa siku ile si injini. Sili ya ekseli ilikuwa ikivuja kwa muda, oili ya giaboksi ikaisha bila mtu kuangalia, na kwenye barabara ya zamani ya Chake, gari imejaa wachumaji wa karafuu, tukasikia mpasuko chini yetu. Injini ikawa inanguruma vizuri tu, magurudumu hayana habari. Meno ya pinieni, ile gia ndogo ya mwisho ndani ya giaboksi, yalikuwa yamekatika.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 80. Dukani hakuna kitu, seuze spea za Kombi, na karafuu zilikuwa zimeshaiva mitini. Karafuu haikusubiri, ikichanua basi hasara. Ami alipanda meli kwenda Unguja kutafuta, akarudi kupitia Mkoani na mzigo uliofungwa kwenye magunia yanayonuka dagaa. Tulipoufungua, ikawa ni giaboksi ya Kobe. Kobe ndivyo tulivyoiita Volkswagen ndogo, ile ya mgongo wa mviringo. Hii ilitoka kwenye Kobe ya 1964, ya injini ya 1200, ambayo bodi yake ilikuwa imekwisha kwa kutu huko Kikwajuni. Mwenyewe aliiuza giaboksi tu, bodi akabaki nayo.

"Ni ileile," Ami alisema. "Volkswagen ni Volkswagen."

Palikuwapo na fundi mmoja kijana aliyekuja kutazama, naye akaunga mkono: itiwe jioni ile ile, kesho gari iko shamba. Lakini fundi wetu, mzee wa makamo aliyejifunzia kazi Mombasa, alikaa kwenye kigogo akaitazama muda mrefu bila kuigusa. Kisha akasema, "Ukiitia hivi, bwana, utakuwa na gia nne za rivasi na moja ya kwendea mbele."

Watu walicheka. Yeye hakucheka. Aliniita mimi, nilikuwa kijana wa skuli niliyekuwa nikimpokeza spana, akanambia niende nyuma ya Kombi, tuliyokwisha kuiinua na kuiweka juu ya magogo. Giaboksi iliyokufa ilikuwa imeshatolewa, lakini ekseli ya kulia bado ilikuwa imeshikamana na drami ya gurudumu.

"Zungusha hiyo ekseli kwa mkono. Upande wa kuelekea kwako."

Nikazungusha. Drami ikaenda upande wa pili.

Nilizungusha tena, safari hii kwa kasi, kama mtoto aliyepewa kitu cha kuchezea. Kila nilivyoileta kwangu, drami ilinikimbia. Hapo kicheko kilikatika, na yule fundi kijana akachutama kuja kujionea.

Siri iko kwenye magurudumu. Kombi za zama zile zina kiboksi kidogo cha gia kwenye kila gurudumu la nyuma. Ekseli haiingii katikati ya gurudumu, inaingia juu yake. Gia ndogo ya ekseli inasukuma gia kubwa iliyo chini. Faida yake ni mbili: gari inakaa juu, na nguvu zinaongezeka, maana ekseli inazunguka mara 1.26 kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu. Lakini gia mbili zinazogusana huzunguka kila moja kinyume cha mwenzake. Kwa hiyo waliounda Kombi waliigeuza mapema difu, lile fungu la gia ndani ya giaboksi linalogawa nguvu kwa ekseli mbili, ili ule ugeuzi wa magurudumuni uirudishe gari mbele. Kobe haina viboksi hivyo, na difu yake haikugeuzwa.

"Sasa tufanyeje?" Ami aliuliza. Sauti ya kiburi ilikuwa imeshuka.

"Tutaigeuza na hii."

Kazi ile ndiyo iliyoniganda akilini kuliko kitu chochote nilichosoma mwaka ule. Giaboksi ya Kobe ina kifuniko kila ubavu. Fundi alivifungua vyote viwili, akaitoa difu nzima na krauni yake, yaani gia kubwa inayosukumwa na pinieni, akaipindua, akairudisha ili krauni ikae upande wa pili wa pinieni. Kwa maneno ni jambo la pumzi moja. Kwa mikono ilikuwa ni kutwa, kwa sababu krauni na pinieni hazitaki kubanana wala kuachana. Nafasi baina ya meno inatakiwa iwe kiasi cha robo ya milimita au chini ya hapo, na inapimwa kwa kuongeza na kupunguza vile viringi vyembamba vya chuma vinavyokaa pembeni ya beringi. Saa ya kupimia nafasi hiyo hakuwa nayo. Alichukua bluu ya kufulia nguo ya mama, akaichanganya na grisi, akapaka meno ya krauni, akaizungusha, akaangalia rangi imeguswa wapi. Ikiwa imeguswa ncha ya jino, anafungua tena. Ikiwa imeguswa mzizi, anafungua tena. Mama aliuliza kanzu za Ijumaa zitatiwa bluu gani, hakupata jibu.

Pua ya mbele, inayopokea fimbo ya gia, ilihamishwa kutoka giaboksi iliyokufa. Ekseli za Kombi nazo zikaingia bila ugomvi. Ncha zake bapa zilikaa ndani ya difu ya Kobe kama zilivyokaa kwao.

Ugomvi ulitokea mahali pasipotarajiwa. Kobe ile ilikuwa ya umeme wa volti 6, na Kombi yetu ilikuwa ya volti 12. Mtu atauliza giaboksi inahusiana nini na umeme. Inahusiana, kwa sababu pamoja na volti 12 walileta flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini, kubwa zaidi, ya meno 130 badala ya 109, na klachi ya milimita 200 badala ya 180. Flaiwili yetu iligusa ndani ya kengele ya giaboksi, pale inapokutana na injini. Ikabidi kuta zake zikwanguliwe. Bushi ya stata, mota ya kuwashia injini, nayo ilikuwa pana mno kwa shina la stata yetu, fundi akachonga nyingine kutokana na kipande cha shaba.

Tulipoanza kupiga tupa ile kengele, Ami alikuwa amesimama juu yetu na sigara mdomoni. Fundi akamwambia aizime au aende barazani. Ami akauliza, "Kwani chuma kinawaka?" Fundi hakubishana naye. Alichota unga kidogo wa tupa, akaenda jikoni, akaumwaga juu ya kaa la moto. Ukalipuka mwanga mweupe hata mpishi akatupa mwiko akakimbia uani akisoma Kursi. Maganda ya giaboksi hizo si chuma, ni aloi ya magnesi, ndiyo maana mtu mmoja aliweza kuibeba begani. Kuanzia hapo Ami alivuta sigara yake barabarani, na unga wote tukaufukia mchangani.

Injini ilirudi kwa nati nne tu na jeki; Volkswagen katika hilo hana mpinzani, hata wasiompenda wanakiri. Fundi akatia oili ya gia namba 90, akakaa kwenye usukani mwenyewe, akatia namba moja, akaachia klachi polepole.

Kombi ikaenda mbele. Akatia rivasi, ikarudi nyuma. Akazima, akashuka, akaomba maji ya kunawa. Watu waliokuja kuona gari ikienda kinyumenyume walitawanyika, wengine nadhani wamevunjika moyo.

Mabadiliko tuliyaona njiani. Giaboksi ya Kobe imefungwa gia fupi zaidi: pinieni yake inazunguka mara 4.375 kwa mzunguko mmoja wa krauni, ambapo ya Kombi ni 4.125, na uwiano wa namba nne ni 0.89 badala ya 0.82. Ukizidisha yote mawili, kwa namba nne injini ilizunguka zaidi kwa kila mita ile ile ya barabara, kiasi cha asilimia 15 juu ya zamani. Mlima wa Mkoani, ule unaoanzia bandarini, Kombi ilikuwa ikiupanda imejaa magunia bila kuomba namba moja. Lakini kwenye tambarare ya kuelekea Micheweni ililia kwa namba nne hadi abiria wakamuuliza dereva kwa nini habadilishi gia. Ami alichoka kuwajibu. Mwisho akawa anasema namba tano iko Unguja, inakuja na meli.

Msimu ule ulipita, na mingine baada yake, na giaboksi haikuguswa tena isipokuwa kuongezwa oili, jambo ambalo sasa Ami alilisimamia mwenyewe kila Ijumaa. Miaka kadhaa baadaye yule bwana wa Kikwajuni alipata bodi nyingine ya Kobe, nzuri, akaleta ujumbe na mtu kwamba anataka kuinunua tena giaboksi yake, bei yoyote.

Ami alisikiliza mpaka mwisho, akamtazama yule mjumbe.

"Mwambie naweza kumpa," akasema. "Lakini Darajani atakwenda kinyumenyume."