Namba ya baba iliyokuwa ndani ya sanduku la bati

Baba alifariki alfajiri ya Jumatatu katika hospitali moja ya hapa Mwanza, na kabla ya saa sita mchana nyumba yetu ya Igoma ilikuwa imejaa watu. Turubai lilikuwa limefungwa, viti vya kukodi vimeshushwa, kina mama wameinjika masufuria uani, na daftari la rambirambi limewekwa juu ya meza ndogo karibu na mlango. Mambo hayo kila mtu aliyapanga bila kuambiwa. Tulichoshindwa ni swali alilouliza mzee mmoja, mwanajeshi mstaafu kama baba, mara tu baada ya kumpa mama pole: "Mayu, namba yake ya jeshi ni ngapi?"

Hakuna aliyejibu, ingawa tulikuwa watoto sita, watu wazima wote. Mama alijua tu kwamba inaanza na MT, kama zilivyo namba za askari wengi wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, na kwamba karatasi zote zimo ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda. Ufunguo wa sanduku ulikuwa katika suruali aliyoivaa baba siku tuliyompeleka hospitali, na suruali hiyo ilikuwa bado kwenye gari la mdogo wangu, ambaye wakati huo alikuwa anazunguka mjini kutafuta jeneza. Tulimsubiri zaidi ya saa mbili, huku wazee watatu waliotumikia jeshi pamoja na baba wakiwa wamekaa kimya na karatasi nyeupe mezani, barua ya kulitaarifu jeshi ikiwa imeandikwa yote isipokuwa pale penye namba.

Sanduku lilipofunguliwa tulikuta hati ya kumaliza utumishi, kitambulisho, karatasi za pensheni, Medali ya Utumishi Mrefu na Tabia Njema iliyoviringishwa ndani ya leso ya mama, na picha moja ndogo ambayo nyuma yake baba alikuwa ameandika kwa wino "Kyaka". Vijana wanaosoma hapa huenda wasijue kwamba daraja la Kyaka, juu ya mto Kagera, lilibomolewa na majeshi ya Idi Amin mwezi Novemba 1978, na kwamba askari wetu walilazimika kutafuta njia nyingine ya kuvuka kabla ya safari iliyoishia Kampala tarehe 11 Aprili 1979. Vita ile ya Kagera, kati yetu na Uganda ya Amin, ilifika hata hapa kwetu: mwishoni mwa Machi 1979 ndege ya Libya, iliyotumwa kumsaidia Amin, ilikuja kuushambulia mji wa Mwanza, ikakosa shabaha, na mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane na kuua swala. Baba hakuwa msemaji wa vita. Alikuwa anasema tu kwamba wapo aliowaacha Kaboya, akimaanisha makaburi ya mashujaa yaliyoko wilayani Muleba, ng'ambo ya ziwa.

Barua ilipitia serikali ya mtaa, ikafika jioni ile ile kwa mshauri wa Jeshi la Akiba wa wilaya, yaani afisa wa jeshi anayesimamia mgambo. Askari anayefariki akiwa kazini huzikwa na wenzake, kwa jeneza, gari na gwaride. Familia ya mstaafu wa cheo cha chini, kama alivyokuwa baba, haina budi kuanza yenyewe kwa kutoa taarifa, na kutoa taarifa mapema. Sisi tulizika Alhamisi, kijijini kwetu upande wa Magu, mahali ambapo ukisimama kaburini unaliona ziwa. Wachimba kaburi walikuwa wamekutana na mwamba kwenye futi ya tatu, wakaumaliza kwa mtaimbo na sururu usiku kucha. Aliyekuja kutoka jeshini alikuwa askari mmoja aliyevaa sare, akiwa na karatasi moja. Alisimama, akapiga saluti, akasoma: namba, jina, tarehe ya kuandikishwa, vikosi alivyotumikia, vita aliyopigana, tarehe ya kustaafu. Hayakuzidi maneno ya dakika tatu. Wajukuu waliomjua babu yao kama mzee wa kufuga kuku na kusikiliza redio walisikia kwa mara ya kwanza habari zake zote zikitajwa mbele ya watu, na mama, ambaye siku tatu zilikuwa zimepita bila kutoa chozi, alilia. Kwangu mimi ile karatasi ilikuwa na thamani kuliko mchango wowote wa fedha tulioupata.

Baada ya kuanua matanga ndipo kazi ngumu ilipoanza. Sheria inataka kifo kisajiliwe ndani ya siku 30, nasi tulilifanya hilo kwa wakati, tukapata cheti cha kifo kutoka RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo. Ukoo ulikaa, muhtasari ukaandikwa, dada yetu mkubwa akapendekezwa kuwa msimamizi wa mirathi, na mahakama ya mwanzo ikamthibitisha. Pensheni ya baba ilikuwa ikilipwa na Hazina, kwa hiyo taarifa ya kifo ilibidi ipelekwe ili malipo yasiendelee kuingia kwenye akaunti ya mtu aliyekwisha kuzikwa. Tulipofika katika ofisi moja, ambayo sitaitaja, ndipo tulipoambiwa kwamba marehemu wetu ni watu wawili. Jeshini baba aliandikishwa kwa jina la babu yake la Kisukuma. Kwenye kitambulisho cha taifa na kwenye cheti cha kifo alitumia jina la ubatizo. Ilituchukua miezi mitano, viapo viwili mbele ya wakili na nauli nisizotaka kuzihesabu, kuthibitisha kwamba wawili hao ni mtu mmoja. Karani mmoja alituzungusha kwa namna iliyomdhalilisha mama, nami bado ninalo moyoni. Hata hivyo kosa la kwanza lilikuwa letu: baba angeweza kula kiapo hicho mwenyewe, siku moja, akiwa hai.

Binti wa shangazi yangu anaishi Marekani, na marehemu mumewe alitumikia jeshi la nchi ile. Aliponisimulia mazishi yake nilisikiliza kwa makini. Kule zipo zaidi ya hifadhi 150 za makaburi ya taifa za wanajeshi wa zamani, ambamo mwenye sifa hupewa bila malipo eneo la kaburi, uchimbaji, jiwe lenye jina, bendera na utunzaji wa kudumu, na mwenzi wake anaweza kuzikwa hapo pamoja naye. Tangu mwaka 2000 sheria inaipa familia inayoomba haki ya kupata angalau wanajeshi wawili wa kukunja bendera na kuikabidhi, pamoja na wimbo wa tarumbeta. Gharama za nyumba ya mazishi, kama jeneza, hubaki kwa familia. Lakini kilichonigusa zaidi ni kwamba tangu mwishoni mwa 2016 mstaafu anaweza kuomba athibitishwe akiwa bado hai, kwa kuambatisha hati yake ya kuachishwa jeshi, ile wanayoiita DD 214. Shemeji alifanya hivyo. Mkewe alipofiwa alipiga simu moja tu.

Huku kwetu tunajua tangu zamani askari asiye na karatasi huishia wapi. Waingereza waliuteka mji wa Mwanza mwezi Julai 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, na vita yao Afrika Mashariki ilibebwa mabegani na wapagazi ambao kikosi chao ndicho kilichoacha jina la Kariakoo kule Dar es Salaam. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake kwamba maelfu kwa maelfu ya Waafrika waliokufa katika utumishi ule hawakuandikwa majina yao popote. Ninalifikiria hilo kila ninapopita kwa jirani yetu mmoja, mzee aliyekwenda Kagera akiwa mgambo, akarudi shambani, na ambaye cheti chake kililiwa na mchwa. Jumamosi iliyopita nilikwenda kwake na daftari. Anakumbuka jina la kamanda wake, mwezi walioondoka, na wenzake wanne, wawili kati yao wakiwa bado hai huko Sengerema. Tumeandika yote, naye ameweka dole gumba chini ya kila ukurasa. Wiki ijayo tutavuka kwenda kuwaona hao wawili, kisha tutalipeleka daftari kwa mshauri wa Jeshi la Akiba.

Kaburi la baba tulilijengea mwezi uliopita. Fundi aliuliza aandike nini kwenye saruji kabla haijakauka, sisi watoto tukaanza kubishana kuhusu majina yake mawili. Mama akasema yaandikwe yote mawili, na juu yake ianze ile namba ya MT, akamtajia fundi tarakimu moja moja, bila kutazama karatasi.