Njano iliyogoma kushuka

Januari 2012, kaskazini mwa Uingereza, saa kumi jioni na giza linaanza kuingia. Nimeshika faneli ya kutenganishia mafuta na maji kwa mikono miwili, naitikisa, naipindua, nafungua koki ipumue, natikisa tena. Naitundika, nasubiri. Tabaka la juu njano, la chini maji matupu.

Ilitakiwa iwe kinyume.

Nilikuwa najifunza njia inayotumika kwenye kiwanda cha La Hague, Ufaransa, na iliyotumika Sellafield, Uingereza, hadi 2022, kuchakata fueli iliyokwisha kutumika kwenye vinu vya nyuklia. Fueli hiyo, hata ikishatolewa kinuni, sehemu kubwa bado ni urani. Plutoni ni kama asilimia 1, na mabaki ya atomi zilizopasuka asilimia 3 au 4. Huyeyushwa kwa asidi ya nitriki, kisha hukutanishwa na tributili fosfati, kimiminika kinachonasa urani, iliyozimuliwa kwa mafuta ya taa, 30 kwa 70. Asidi ikiwa kali, urani na plutoni hupanda kwenye mafuta, uchafu ukabaki chini. Ukitaka urani ishuke, zimua asidi. Inarudi majini yenyewe. Sisi wanafunzi plutoni hatukuiona hata kwa dawa. Tulikuwa na nitrati ya urani tu, njano kama maji ya bizari.

Na yale mafuta ya taa hayakuwa na harufu! Mimi niliyesomea kibatari hadi darasa la saba niliona ni utapeli.

Basi wiki tatu urani yangu inapanda vizuri, kushuka haitaki. Msimamizi wangu akasema sijui kupima. Nikamwamini, na hilo ndilo linaloniudhi hadi leo.

Aliyeniokoa ni fundi wa maabara, mzee mmoja mwenye maneno machache. Alipita, akasimama, akaitazama faneli.

"Haya mafuta umeyatoa wapi, kijana?"

Kabatini. Aliyenitangulia aliyaacha humo, yamekaa na asidi tangu kiangazi. Mzee akacheka. Asidi huimega tributili fosfati polepole ikawa dibutili fosfati, na hiyo ikiing'ang'ania urani haiachii, hata uizimue asidi vipi. Kiwandani mionzi huyaharibu mafuta upesi zaidi, kwa hiyo huko huoshwa kila mzunguko kabla ya kurudishwa kazini.

"Yanaoshwa kwa kitu gani?"

"Sodiamu kaboneti."

Nikabaki nimeduwaa. Magadi! Yale yale mama aliyokuwa akitupia kwenye sufuria ya maharage yakikataa kuiva.

Tuliyamimina kidogo kidogo. Asidi iliyojificha kwenye mafuta ikafanya povu, na nilipofungua koki gesi ikatoka kwa mluzi hadi nikashtuka. Mzee akanishika kiwiko. Tukatikisa, tukatundika. Mstari kati ya matabaka ulitulia taratibu, na njano yote ikawa chini. Juu, mafuta meupe kama maji ya mvua.

Kurasa kumi na moja za daftari nilizipiga mstari mmoja mmoja, maana daftari la maabara halichanwi. Usiku nikampigia mama, nikamsimulia habari yote, ya asidi, ya urani, ya wiki tatu zilizopotea. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Magadi haya haya ya kwetu?"

"Haya haya, mama."

"Sasa na maharage huko mnapata?"