Jeraha Linaloingilia Sikioni

Siku ya tatu ya likizo yangu hapa Nakuru nilimsindikiza mama Soko la Wakulima kununua viazi. Kando ya barabara lori lilikuwa likipakiwa kabeji. Kijana aliyesimama chini alizirusha mojamoja, na mwenzake aliyekuwa juu alizidaka huku akihesabu kwa mpigo usiobadilika: moja, mbili, tatu, nne. Mikono yangu ilianza kutetemeka hata kikapu kikaniponyoka. Mama alidhani ni jua.

Huu ni mwaka wangu wa sita wa kupokea simu za dharura katika mji mmoja wa kaskazini mwa Uingereza. Mtu akipiga 999, opareta humuuliza kwanza anataka huduma gani, na akitaja ambulensi huunganishwa nasi. Tunauliza kama mgonjwa ana fahamu na kama anapumua. Ikiwa hapumui, kazi yangu ni kumwongoza aliyepiga simu, ambaye mara nyingi ni mke au mtoto wa mgonjwa na hajafunzwa lolote, aweke viganja katikati ya kifua na kukandamiza kwa nguvu, kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku nikimhesabia ili asipoteze mpigo mpaka wahudumu wafike.

Usiku mmoja alipiga mwanamke ambaye mumewe alikuwa ameanguka jikoni. Alianza kwa Kiingereza, lakini hofu ilipomzidi Kiingereza chote kilimtoka, akawa anamwita Mungu kwa Kiswahili. Nikamhesabia kwa Kiswahili. Tulihesabu pamoja, yeye akihema na mimi nikimsihi asiache, hadi niliposikia mlango ukifunguliwa na viatu vizito vikiingia. Kisha simu ikakatika. Muda mfupi baadaye nilikuwa nikizungumza na mtu aliyeteguka kifundo cha mguu, kwa sauti ileile ya upole, kana kwamba hakuna lililotangulia.

Ugumu wa kazi hii uko hapo hasa. Mhudumu wa ambulensi humwona mgonjwa kwa macho yake na hufanya jambo kwa mikono yake, ilhali sisi husikia kilio bila sura, tena kwa kawaida hatuambiwi mwisho wake. Akili haipendi habari iliyokatwa katikati. Huirudia usiku na kuitungia miisho, na kila mwisho huwa mbaya kuliko uliotangulia. Baadhi ya wenzangu wameacha kazi. Wengine wamebaki, lakini nyumbani hawawezi tena kustahimili mlio wa simu.

Nilipowahi kulalamika, ndugu zangu waliniuliza kazi ya kuketi kwenye kiti ndani ya chumba chenye joto inachoshaje. Siwalaumu, kwa maana hata mimi niliamini hivyo, na nilizoea kuwatumia pesa na picha nikitabasamu. Wataalamu wenyewe walilikubali jambo hili si zamani sana: mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uliotolewa mwaka 2013 unasema wazi kwamba mtu anayekutana tena na tena na maelezo ya kutisha kwa sababu ya kazi yake anaweza kuugua kutokana na kiwewe, hata kama hakuwapo tukio lilipotokea. Niliposoma maneno hayo nililia, kwa kuwa nilikuwa nimejiita dhaifu kwa miaka mingi. Nashikilia kwamba kila anayepokea simu kama hizo, awe Uingereza au hapa Kenya kwenye 999, 112 au 1199 ya Msalaba Mwekundu, anastahili kupumzishwa mara baada ya simu nzito na kupata mshauri bila kuhofia kwamba faili lake litaharibika. Kuambiwa tu kwamba mlango wa msimamizi uko wazi hakutoshi.

Jioni ile ya soko nilimweleza mama yote. Alikuwa akimenya viazi, na kisu kikasimama.

"Huyo mume wake, alipona?"

"Sijui, mama."

"Na hakuna unayeweza kumuuliza?"

"Hakuna."

Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akaniambia jambo ambalo hakuwahi kulitaja: kwamba baada ya Januari 31, 2009, lori la mafuta lilipowaka moto Sachangwan na kuua zaidi ya watu mia moja, alipeleka uji hospitalini pamoja na akina mama wa kanisa, na kijana mmoja aliyefungwa bendeji hadi usoni akamwomba amshikie kikombe. Kesho yake alirudi akakuta kitanda kitupu, akaogopa kuuliza. Mpaka leo, alisema, matatu ikiingia kituo cha petroli yeye hufumba macho na kuziba pua kwa leso hadi itoke.

Niliuvuta ule mfuko wa viazi karibu yangu, nikachukua kisu cha pili.