Umebaki weye tu

Nilijiapiza tangu Jumapili kwamba hii siiandiki, na leo ni Alhamisi saa saba usiku nipo jikoni naiandika. Mama Nasra kafaulu mtihani wake wa leseni ya unesi, alhamdulillahi, na kazini wametutangazia ghala linahamia Fort Worth mwezi wa pili, hayo yote yatapata siku yake, lakini kichwani kwangu wiki nzima kuna maneno matatu tu yanazunguka kama feni bovu.

Umebaki weye tu.

Jumamosi tulikwenda Ennis, kwenye uwanja wa mbio za robo maili, na pikapu yangu ya Silverado, mara ya kwanza tangu nibadilishe meno ya difu kutoka 3.42 kwenda 4.10, yaani gia za ekseli ya nyuma, namba ikiwa kubwa gari inachomoka kwa nguvu zaidi (ile wiki ambayo harufu ya oili ya gia iligoma kunitoka mpaka mama Nasra akanitengea taulo langu peke yangu). Mwezi wa tano pikapu ilikuwa inakata robo maili kwa sekunde 15.6, na hapo ni injini ile ile ya 5.3 na gia boksi ile ile ya kiwandani, sasa nimeweka eksozi, nimetoa lile feni kubwa linalozungushwa na injini nikaweka mafeni ya umeme, kompyuta imetyuniwa, nyuma kuna tairi laini, na hizo 4.10. Kwa hiyo nilikuwa nakwenda na matumaini yangu. Helmeti nishanunua tangu mwezi wa nane, maana sheria za NHRA, wale wasimamizi wa mbio hizi, ukikimbia sekunde 13.99 au chini ya hapo lazima uvae, na mie nilijua tu nitafika. Ipo juu ya friji mpaka leo, lebo haijatoka, Nasra anaivaa akiangalia katuni.

Shemeji naye kaja. Hakuna aliyeniambia anakuja, katokea Houston na viatu vyeupe na ile tabia yake ya kuuliza bei ya kila kitu. Sasa pale tumepaki, mie nimelala chini kwenye lami nashusha tairi la spea ili gari iwe nyepesi, wenye hizi gari mnajua, linaning'inia kwa waya chini ya bodi na unalishusha kwa kuzungusha fimbo ndefu unayoipitisha nyuma, na likifika chini waya unagoma kutoka mpaka uutukane. Nimeshatoa jeki, mpini wa jeki, sanduku la spana, mazulia, kile kiti cha kumnyanyulia Nasra. Vyote nimevipanga chini kama mnadani. Geti la nyuma nililiacha nyumbani. Shemeji kasimama juu yangu na sambusa mkononi, sambusa zangu mie, nilizozikaanga saa kumi na moja alfajiri, anavitazama vitu vyangu kimoja kimoja. Kisha ndo akasema.

"Shemeji, tairi umetoa, jeki umetoa, geti umeliacha nyumbani. Sasa umebaki weye tu."

Nikatoka uvunguni nikasema, "Haya."

Basi. Haya. Mwanamume wa miaka 41, jibu langu lote lilikuwa haya.

Ningekuwa nimeudhika na yeye peke yake ningelala. Ila mama Nasra alicheka. Si kile kicheko cha kumridhisha mgeni, hicho nakijua, alicheka kwa pua, akajifunika na mtandio akageukia upande wa magari ya watu. Na Nasra akauliza, "Baba, umebaki wapi?" Wakacheka upya.

Jumapili msikitini nilikuwa najibu. Jumatatu kwenye foklifti nilikuwa najibu. Nimepata majibu kama kumi na manne, mengine mazuri sana, lipo moja kuhusu viatu vyake ambalo kama ningelitoa palepale nadhani angerudi Houston usiku ule ule. Lakini kilichoniingia zaidi nimekigundua Jumanne, nikiwa nimenyanyua hewani paleti, yale majukwaa ya mbao ya kupangia mizigo. Yeye hasemi "weye". Kazaliwa Dar, kakulia Dar, maisha yake yote anasema "wewe". Hiyo "weye" ni yangu. Yaani aliniiga. Alichukua mdomo wangu wa Tanga akaniambia nao kuwa mie mnene, na nikaitikia haya.

Mnene. Sawa. Kazini tuna mizani ya kupimia mapaleti, ile bapa ya chini. Jumanne saa ya chakula, watu wametoka nje, nikapanda. Pauni 261, na mabuti. Nikavua mabuti. 258. Nikavua redio ya kazini na ule mkanda wa mgongo. 255. Hapo nikamwona yule mwenzetu wa zamu ya jioni kasimama mlangoni na soda yake ananiangalia, nami nipo juu ya mizani na soksi. Hakusema kitu, kaninyanyulia kidevu tu akapita. Nilishukuru.

Shemeji ana pauni kama 146. Najua kwa sababu alijitangazia mwenyewe pale Ennis, bila kuulizwa. Na sasa tufike kwenye ile sehemu ambayo sikuwaambia hata wale wa kundi la WhatsApp walioniuliza "vipi matokeo".

Mie nilikimbia mara tatu. Ya kwanza 14.58, ya pili 14.41, ya tatu tairi zilisaga moshi nikaachia mguu katikati. Ikafika saa tatu usiku, shemeji akasema na yeye ajaribu. Mtu ambaye maisha yake hajawahi kukaa kwenye mstari. Nikamfundisha kwa roho safi kabisa: utasogea mpaka taa ndogo ya kwanza iwake, kisha taratibu ya pili, kisha zinashuka tatu za njano moja moja, nusu sekunde nusu sekunde, kisha kijani. Akavaa helmeti, ambayo haikuwa lazima, akajipiga picha nayo. Alipofika kwenye mstari alikuwa anaogopa, akasogea kidogo kidogo mpaka taa ya pili ikawaka kwa shida, akasimama hapohapo. Kijani ikawaka. Akalala! Sekunde moja na pointi tatu kijani inamwangalia tu, mwenzie wa njia ya pili keshaondoka kitambo. Mie nikacheka, nikasema moyoni Mungu hamtupi mja wake. Kisha akaondoka polepole kama anatoka maegesho ya sokoni, halafu ndo akakandamiza.

14.15.

Sasa hapo kuna wageni wa mambo haya watauliza, si alichelewa sekunde nzima? Kuchelewa kwenye taa hakuhesabiwi kwenye muda wa gari. Saa inaanza tairi la mbele likiachia ule mwanga uliopo kwenye mstari, ukitaka kulala pale mpaka alfajiri ni juu yako, mbio utashindwa lakini karatasi yako ya matokeo itasoma muda wa gari ilivyotembea. Na pia yeye kwa woga wake kusimama pale taa ilipoanza tu kuwaka ilimsaidia, maana tairi lilikuwa na inchi kadhaa za kubiringika kabla saa haijaanza, mie huwa nasogea mpaka ndani.

Alishuka kwenye gari kanyanyua karatasi juu kama kombe. Mama Nasra akapiga kigelegele. Kigelegele, Ennis, Texas, watu na makofia yao ya ng'ombe wakageuka.

Njia nzima ya kurudi Garland nilikuwa na sababu. Usiku hewa imepoa, na hewa baridi ni nzito, injini inapata pumzi zaidi, hiyo ni kweli kabisa hakuna anayeweza kunibishia. Tairi zilikuwa zimeshapata moto kwa kazi yangu mie. Njia ilikuwa imeshashika gundi vizuri. Mama Nasra akasema, "Au ni zile pauni mia." Akasinzia.

Na kusema kweli nilitaka iwe ni pauni mia. Hiki ndicho nilichokaa nacho hapa jikoni leo, karatasi mbili chini ya taa, yangu na yake, na kikombe cha chai kishapoa. Wenye mbio zao wana hesabu ya haraka haraka, kwamba pauni 100 ni sehemu ya kumi ya sekunde kwenye robo maili. Kati yangu na shemeji, ukinihesabia na mabuti na redio, kuna pauni 115. Basi nipeni 0.10, au 0.12 kwa ukarimu. Lakini tofauti yetu ni 0.26. Nyingine imekwenda wapi?

Ipo hapo juu kwenye karatasi, mstari ambao siku zote naurukia kwa sababu nakimbilia namba ya chini. Muda wa futi 60 za kwanza. Mie 2.21. Yeye 2.10. Na ukipoteza kitu kwenye futi 60 hukipotezi mara moja, kinaongezeka njiani, watu husema mara moja na nusu au zaidi ukifika mwisho. 0.11 mara moja na nusu, chukua 0.16. Ongeza 0.10 ya tumbo. Imefika 0.26 bila kubaki hata senti. Nimeirudia mara nne, kwa simu kisha kwa peni.

Hata spidi ya mwisho inasema hivyo hivyo. Mie nilivuka kwa maili 95.6 kwa saa, yeye 96.5. Ile namba ndo inayoonyesha nguvu na uzito, na hapo tumepishana kidogo tu. Kwa hiyo tumbo lipo, silikatai, lakini kubwa zaidi ni mguu. Mguu wangu. Mie kijani ikiwaka nakanyaga mpaka chini kama naua mende, tairi zinateleza, ekseli inajisokota kwenye springi, gari inaruka ruka mahali pamoja, na nikisikia ule mlio nafurahi, najiona naenda! Shemeji aliogopa tu, akaachia breki, akasubiri gari ishike, akaongeza.

Unene ningeuvumilia, bana. Unene una dawa, unapunguza chapati. Lakini pikapu yangu, niliyoifungua kwa mikono yangu, mtu wa viatu vyeupe kaijua kuliko mie kwa sekunde 14.

Nilikuwa nimeshafunga hizi karatasi nikalale. Ndo nikamkumbuka baba mkubwa na ile Peugeot 404 pikapu yake, ya kubebea machungwa ya Muheza. Nilikuwa nakwenda naye likizo, nakaa nyuma. Msimu wa mvua tukipanda kule njia ya Amani kufuata mzigo, gari tupu, utelezi, alikuwa anasimama chini ya mlima anashuka, anatafuta mawe. Mawe makubwa, ananiambia nimsaidie, tunayapanga nyuma juu ya ekseli. Mie nikimuuliza kwa nini tunabeba mawe na tunakwenda kuchukua machungwa, ananiambia, "Tupu haipandi." Tukifika juu tunayamwaga, tunapakia.

Nimekaa hapa nimeshika kichwa. Tairi la spea na rimu yake nililipima kazini, pauni 64. Geti la nyuma 47. Vyote viwili vipo nyuma, nyuma kabisa, nyuma ya ekseli, kwenye gari ambayo nyuma yake kwa kuumbwa ni nyepesi na mzigo wote wa chuma cha injini upo mbele! Mie nahangaika gari inateleza kwenye kuondoka, na mwenyewe ndo naipunguzia nyuma. Nimetoa mawe ya baba mkubwa chini ya mlima. Na hata shemeji aliyekata 14.15 alikata gari ikiwa tupu, kwa hiyo yeye na miguu yake ya uoga na tairi la spea likiwa mahali pake angekata ngapi, na mie nikijifunza kuondoka kama yeye je?

Nimecheka peke yangu hapa mpaka nimeogopa kuamsha watu. Kwa hiyo Jumamosi ijayo spea inarudi chini ya bodi, geti linarudi, upepo wa tairi za nyuma nitashusha kutoka 24 mpaka 20, nitasimama taa ya pili ikianza tu kuwaka, na nitaondoka kama natoka maegesho ya sokoni. Sanduku la spana nalo nalirudisha, hata kama halisaidii kitu. Halafu kwenye pauni zangu mie sijui, nitaanza na kuacha soda. Mazulia yabaki nyumbani. Shemeji sijamwambia kama karatasi yake ninayo, anadhani kaipoteza, kanipigia mara mbili kuiulizia.

Sasa kitu kimoja, nimekwenda kuosha vyombo nikafungua kile kikopo cha Nasra cha chakula cha shule, maandazi mawili yapo vilevile nilivyoyapanga, na yai halijaguswa. Jana pia kilirudi hivi nikadhani kasahau. Na nikikumbuka vizuri na Jumatatu pia. Nilipomuuliza jioni kaniambia kashiba, akaenda kuchukua helmeti.